Kuanguka kwa Wazee: Swali Lisiloulizwa Zahanatini

Katika Kiswahili cha kila siku, kuanguka si neno jepesi. "Ugonjwa wa kuanguka" ni kifafa, na kifafa katika vijiji vingi bado kimefungamana na aibu. Ikisemwa kwamba mtu mzima "ameanguka", wapo watakaowaza kifafa, wapo watakaowaza pombe, na wapo, hasa katika nchi ya Wasukuma, watakaouliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemtupia jambo. Kwa hiyo mzee wa Didia aliyeteleza alfajiri akielekea chooni, akaumia nyonga na kuchubuka kiwiko, anapofika zahanati siku ya kuchukua dawa za shinikizo la damu husema tu kwamba mwili unauma. Hupewa dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi. Kuanguka kwake hakuandikwi popote.

Hasara ya ukimya huo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba miongoni mwa vifo vya ajali, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Idadi kubwa ya wanaokufa ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia hapa Tanzania kumtambua mzee. Wengine milioni 37.3 kila mwaka huumia kiasi cha kuhitaji matibabu. Miongoni mwa watu waliofikisha miaka 65, takriban mmoja kati ya watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena. Hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumsumbua mhudumu wa afya, kwa sababu anguko la kwanza ni onyo, na onyo lisiloandikwa halimsaidii mtu.

Didia, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, ina mazingira yake ya kuangushia watu. Udongo mweusi wa mbugani hunata na kuteleza mvua zikianza, na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kukamata kisigino au ncha ya fimbo. Kingo za majaruba ya mpunga ni nyembamba. Choo kiko nje, mara nyingi nyuma ya nyumba, na njia yake hupita penye kamba ya mbuzi, ndoo iliyosahauliwa na mawe ya jiko. Ndani, kizingiti kimeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Vijana wengi wamekwenda Kahama, Geita na Mwadui kutafuta riziki katika migodi na machimbo, na nyumbani amebaki bibi na wajukuu. Hivyo maji, kuni na mbuzi bado ni kazi ya mtu mwenye miaka 70.

Hata hivyo mazingira hayatoshi kueleza jambo hili, kwa sababu mjukuu hupita njia hiyo hiyo usiku ule ule na haanguki. Kuanguka kwa mzee ni nadra kuwa na sababu moja. Achukuliwe, kwa mfano, bibi wa miaka 72 anayetumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo la damu. Dawa hiyo humwongezea mkojo. Amekuwa akipunguza kunywa maji jioni ili asiamke, lakini anaamka tu. Anainuka kitandani kwa haraka, damu inachelewa kupanda kichwani, na giza linampitia machoni. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Misuli ya mapaja imepungua tangu alipougua malaria masika yaliyopita. Kanga imelegea hadi kwenye vifundo, na kizingiti kiko mbele yake. Akiulizwa, atasema alijikwaa kizingitini, na atakuwa amesema kweli, lakini kizingiti ni sababu ya mwisho katika mlolongo wa sababu tano au sita. Kuondoa mbili au tatu kati ya hizo kunaweza kutosha kumwacha amesimama.

Kwa wanawake wazee wa Usukuma, habari ya macho ina uzito wa pekee. Kwa miongo mingi, katika mkoa wa Shinyanga na mikoa jirani, bibi mwenye macho mekundu ameshukiwa uchawi, na wapo waliouawa kwa mapanga kwa sababu hiyo. Maelezo ya kitabibu ya macho hayo yanajulikana: miaka mingi ya moshi wa kuni na wa kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, na trakoma inayojikunjia kope ndani mpaka zikwaruze jicho. Mara nyingi mtoto wa jicho huongezeka juu ya hayo, kwa kuwa umri ni ule ule. Macho hayo hayo yanayomtia mashakani mbele ya majirani ndiyo yanayomfanya asione shimo. Naye akijua anatazamwa kwa jicho baya, hutembea alfajiri au magharibi, saa ambazo mwanga ni hafifu, na akianguka hatapiga kelele za kuomba msaada. Hofu hii haimo katika miongozo ya kimataifa, na haiwezi kutazamiwa kuwamo. Mhudumu wa Didia ndiye anayeweza kuijua.

Upande wa macho una habari njema kuliko mwingine wowote. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2005, uliofanywa kwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 70, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mtoto wa jicho katika jicho la kwanza mapema walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa takriban theluthi moja, wakilinganishwa na waliosubiri kwenye foleni. Upasuaji huo ni mfupi, hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Bibi anayeona vizuri hupungukiwa na maanguko, na jirani mwenye akili hupungukiwa na kisingizio. Rufaa ya macho, basi, ihesabiwe kuwa sehemu ya kinga ya kuanguka.

Kazi ya zahanati huanza na maneno. Kuuliza "Je, umewahi kuanguka?" ni kuukaribisha ukimya, kwa sababu zilizotajwa juu. Ni afadhali kusema: "Shikamoo, mayu. Tangu mavuno ya mwaka jana hadi leo, umewahi kujikwaa, kuteleza au kujikuta chini?" Kisha mawili zaidi: ukisimama au ukitembea, mwili huyumba? Na je, una hofu kwamba utaanguka? Maswali haya matatu yanapendekezwa pia na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 kuhusu kinga ya kuanguka kwa wazee, na hayachukui hata dakika mbili. Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati yake linatosha kuendelea na uchunguzi.

Kipimo kinachofuata hakihitaji mashine. Mzee aketi kwenye kiti, ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Saa ya simu inatosha. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Lakini mhudumu mwenye macho ataona mengi kabla ya sekunde kuhesabiwa: kama anajisukuma kwa mikono, kama hugeuka kwa hatua nyingi fupi, kama anashika ukuta. Halafu shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala dakika tano, na tena akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo cha kizunguzungu chake kimepatikana. Kipimo hiki hurukwa mno, eti foleni ni ndefu, ilhali mzee yule yule huongezewa dawa ya shinikizo kwa kipimo kimoja alichochukuliwa akiwa ameketi.

Mfuko wa dawa nao umwagwe mezani. Diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya maumivu ya neva, piritoni iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua, dawa mbili za shinikizo zilizoandikwa na vituo viwili tofauti, glibenklamaidi inayoshusha sukari ya mtu aliyelala na njaa: kila moja huweza kumwangusha mzee, na zikichanganyika hatari huongezeka. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Alete zote, pamoja na za mitishamba, aseme ukweli kuhusu pombe, na mtaalamu aamue ipi ipunguzwe. Miguu ikaguliwe pia. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni hajui kama amekanyaga jiwe au moto.

Nyumbani, marekebisho mengi hayana gharama kubwa. Chombo cha kukojolea karibu na kitanda humwondolea mzee safari hatari kuliko zote, na hakuna fedheha ndani yake. Taa ndogo ya sola iwekwe mahali anapoweza kuifikia kabla ya kusimama. Aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu taratibu mpaka thelathini, ndipo ainuke. Chooni, nguzo mbili zilizochimbiwa imara kila upande wa tundu humpa mahali pa kushika, na fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kwa asiyeweza kuchuchumaa. Kizingiti kipakwe chokaa kionekane. Kandambili zilizolegea ziachwe. Katambuga zenye mkanda wa nyuma ni bora zaidi, mradi hazijalika soli.

Fimbo inahitaji neno lake. Mzee wa Kisukuma aliyekulia machungani amezoea kuilaza fimbo mabegani, na huko haimsaidii kitu. Fimbo ya kutembelea ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaponing'iniza mkono akiwa amesimama wima, iwe na kipande cha mpira wa tairi kwenye ncha, na ishikwe kwa mkono ulio kinyume na mguu dhaifu. Mwanamke asione haya kuitumia.

Juu ya hayo yote kuna mazoezi. Mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya usawa wa mwili na nguvu za miguu, hupunguza maanguko kwa takriban asilimia 23. Wapo watakaosema mkulima hahitaji mazoezi. Jembe hujenga mikono na mgongo, lakini halimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja wakati anageuka. Ainuke kitini na kuketi mara kumi bila kutumia mikono, mara mbili kwa siku. Asimame kwa mguu mmoja huku akishika ukuta, kisha kwa kidole tu. Atembee kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma, mjukuu akiwa ubavuni. Chakula nacho kihesabiwe: anayeishi kwa ugali na mlenda pekee hawezi kurudisha misuli, dagaa, maharage, choroko na maziwa mgando viwepo sahanini. Anayemzuia mzee asitoke ukumbini "asije akaanguka" anamdhoofisha miguu, na kumsogeza karibu zaidi na anguko alilokuwa akiliogopa.

Pamoja na hayo yote, wapo watakaoanguka. Aliye chini asinyanyuliwe kwa pupa kwa kuvutwa mikono. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kigoda au kitanda, ajiinue kwa kushika hapo. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, shingo ya paja huenda imevunjika. Usivutwe wala usikandwe na yeyote, awe ndugu au mganga wa mifupa. Mgonjwa abebwe kwa kitanda au ubao, asipakiwe bodaboda, na apelekwe hospitali mapema, kwani upasuaji ndani ya saa 48 huleta matokeo bora kuliko wiki tatu za kulala kitandani akisubiri vidonda na nimonia.

Kichwa ndicho hudanganya zaidi. Mzee anaweza kujigonga kidogo, asizimie, akaendelea na shughuli zake. Wiki mbili, tatu, hata sita baadaye, anaanza kusahau majina ya wajukuu, kusinzia mchana, kulalamika kichwa, kuburuza mguu mmoja au kusema maneno yasiyoeleweka. Familia hukumbuka mgogoro wa mpaka wa shamba na kwenda kwa mganga wa kienyeji. Kumbe damu imekuwa ikivuja polepole kati ya ubongo na fuvu, na katika ubongo uliosinyaa kwa umri hupata nafasi ya kujikusanya kimyakimya. Anayetumia aspirini au wafarini yuko hatarini zaidi. Picha ya sitiskani huionyesha, na damu hiyo huweza kutolewa kwa tundu dogo la upasuaji. Wapo wanaoingia hospitali ya rufaa, kama Bugando jijini Mwanza, wakiwa hawajitambui, wakatoka wakitembea. Kwa hiyo tarehe ya kuanguka iandikwe katika daftari la mgonjwa hata kama hana jeraha, na mahali alipojigonga patajwe, maana mhudumu atakayempokea wiki ya nne huenda asiwe yule aliyempokea siku ya kwanza.