Sigareti ya umeme inayovuja: tafuta hewa inapopita



Leo tuanze na shati. Baba anarudi kutoka kazini, anavua shati na kumpa bibi yake alifue. Mfuko wa shati umelowa majimaji yenye kunata, yenye harufu ya matunda au ya peremende. Mama anafikiri ni sukari. Analoweka shati katika beseni na kuanza kulisugua kwa mikono, mtoto yuko mgongoni, mwingine anachezea maji pale pale. Kumbe si sukari. Majimaji hayo yametoka katika sigareti ya umeme ya baba, na ndani yake kuna nikotini. Nikotini ni sumu, tena ni sumu inayopita katika ngozi.

Sigareti za namna hii zilianza China. Mtaalamu wa dawa Hon Lik ndiye aliyeitengeneza ile tunayoijua, mwaka 2003. Ukurasa huu hauzisifu: kwa mapafu yako, kuacha kuvuta kabisa ni bora. Lakini zimefika kwetu, na zinavuja. Tena mwenye nayo anapoona majimaji, anakaza kila kitu kwa nguvu zote, kiisha anaitia mfukoni. Kesho inavuja tena. Kwa nini? Sababu hajui ni kitu gani kinachozuia majimaji yasitoke.

Umekwisha kuona chombo cha kunyweshea kuku? Chupa inajazwa maji na kugeuzwa kichwa chini katika sahani. Maji hayamwagiki yote. Yanatoka kidogo tu, kila mara kuku anapokunywa na hewa kidogo kuingia ndani ya chupa. Sasa toboa tundu dogo juu ya chupa ile. Hewa inaingia juu, maji yote yanashuka na sahani inafurika.

Tanki ya sigareti ya umeme inafanya kazi namna hiyo hiyo. Chini kuna kichwa kidogo chenye waya unaopata moto, na waya huo umezungukwa na pamba. Pamba inanyonya majimaji, waya unayageuza kuwa mvuke, na badala ya majimaji yaliyokwisha, punje ndogo ya hewa inapanda katika tanki. Hewa ikiingia kwa njia ya pamba tu, hakuna kitakachovuja. Hewa ikipata njia nyingine, hasa juu, majimaji yanashuka yenyewe, yanajaza kichwa na kutokea katika matundu ya hewa. Basi, fundi, usitafute kwanza majimaji yanapotokea. Tafuta hewa inapoingilia.

Angalia kwanza zile pete za mpira, ya juu na ya chini. Zitoe, zipanguse, uzivute kidogo. Pete iliyopasuka, iliyolegea au iliyojikunja haifai tena. Mara nyingi ni kukaza kupita kiasi ndiko kulikoiharibu. Kaza kwa vidole tu, bila koleo. Nyinyi mnaofunga bomba na pampu mnajua zaidi kuliko sisi namna mpira unavyoharibika ukibanwa ovyo. Kiisha angalia glasi: ufa mdogo kama unywele unatosha kuingiza hewa.

Pili, kichwa chenye pamba. Kama hakikukazwa mpaka mwisho, majimaji yanapita pembeni. Kama pamba imezeeka na kuwa nyeusi, ladha inakuwa ya kuungua na pamba haishiki majimaji vizuri. Kibadilishe. Kipya kikiwekwa, jaza tanki na usubiri dakika 5 au 10 pamba inywe, ndipo uvute.

Tatu, namna ya kujaza. Katikati ya tanki kuna bomba dogo la kupitisha mvuke. Ukimimina majimaji ndani ya bomba hilo, yanakwenda moja kwa moja chini. Mimina pembeni, polepole, tanki ikiwa imeinama kidogo, na usijaze mpaka juu kabisa. Acha nafasi ndogo ya hewa. Funga upesi, sababu wakati tanki iko wazi, majimaji yanaendelea kushuka katika pamba.

Kuna wanaovuta kwa nguvu sawa na mtu anayenyonya uboho katika mfupa. Wanavuta majimaji kuliko waya unavyoweza kuyageuza mvuke. Moto ukiwekwa chini mno, matokeo ni yale yale. Utasikia kelele ya kububujika, na matone ya moto yatakurukia ulimini. Hapo tanki pengine haina ufa wala pete mbovu, ni kichwa tu kilichofurika. Tenganisha tanki na batri. Zungusha karatasi laini kwenye matundu ya hewa, kiisha pulizia polepole mdomoni mwa tanki mpaka majimaji ya ziada yatoke katika karatasi. Panguse pande zote, rudisha, na safari hii vuta kwa utaratibu. Lakini osha mikono kwanza kwa sabuni: vumbi la madini halina kazi mdomoni mwako.

Sababu ya mwisho haiko katika kifaa. Hewa ikipata joto inapanuka. Tanki ya ml 2 iliyobaki nusu, ikiachwa garini juani na kutoka digrii 20 kufika 60, hewa yake inasukuma nje matone 2 au 3. Na joto linafanya majimaji yawe mepesi zaidi. Jambo hilo hilo linatokea unapopanda juu, kwa mfano katika ndege kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi. Linatokea hata shimoni. Kwa mtu anayepanda kutoka mita 1 000 chini ya ardhi, uzito wa hewa unapungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, na tanki inatema. Lakini kitu hiki hakina ruhusa ya kushuka shimoni hata siku moja: waya wa moto na batri havikai karibu na baruti. Kiache juu, kimesimama wima, kimezimwa.

Tukitaja batri: nyingi za namna hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu. Pengine unaibeba mfukoni kazi ya mikono yako mwenyewe. Lakini majimaji yakifika kwenye vidole vya shaba vya batri yanaweza kuunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Usichaji kifaa kilicholowa. Na batri ya akiba isikae mfukoni pamoja na funguo au pesa za chuma, sababu itashika moto na kukuunguza paja.

Sasa turudi kwenye beseni la mama. Soma chupa ya majimaji. Ikiandikwa mg 20 kwa ml, basi tone moja lina karibu mg 1 ya nikotini, na chupa ndogo ya ml 10 ina mg 200. Ulaya, tangu mwaka 2016, sheria hairuhusu chupa kubwa wala kali kuliko hiyo. Kwingine zinauzwa za mg 50, na chupa isiyoandikwa kitu usiinunue kabisa. Mwezi wa 12 mwaka 2014, katika jimbo la New York, Marekani, mtoto mwenye umri wa mwaka 1 alikufa kwa kunywa majimaji haya. Harufu ya peremende ndiyo inayowaita watoto.

Shati lililolowa, baba alisuuze mwenyewe kwa maji mengi kabla ya kumpa mtu. Karatasi na vichwa vya zamani avifunge vizuri kabla ya kuvitupa, visibaki uani. Chupa ikae juu, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Majimaji yakigusa ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi na sabuni. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi kwa muda wa dakika 15. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, usimtapishe, wala usingoje dalili. Atatokwa na mate na jasho, atatapika, uso utapauka, moyo utapiga mbio. Kiisha anaweza kushikwa na degedege na pumzi ikakata. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na uchukue chupa ili munganga asome kilichoandikwa juu yake.