Kuoga na Kuogeshwa: Maneno ya Tiba ya Maji Dar es Salaam

Kinondoni na Temeke, ambazo zamani zilikuwa pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam na leo ni manispaa, zimekusanya watu wa makabila mengi: Wazaramo na Wandengereko wa karibu, na wengine kutoka bara na visiwani. Kila watu walikuja na majani yao na desturi zao, lakini lugha waliyoelezana kwayo ilikuwa Kiswahili. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina ya kuoga kwa kuburudika, kuoga kwa kupona, na kuoga kwa kuondoa nuksi haimo katika jani, bali imo katika kitenzi.

Tutazame kivumbasi. Mmea huu hupandwa uani kwa harufu yake ifukuzayo mbu. Majani yake huchemshwa, na mtu aliyechoka au mwenye mafua akaoga maji yake. Tena waganga huutumia dhidi ya mashetani na husuda. Jani ni moja. Kazi ni tatu.

Mtu asemapo “nimeoga kivumbasi”, yeye ndiye mtenda, wala hakuhitaji ruhusa ya mtu. Akisema “nimeogeshwa”, mambo yamegeuka: yuko mwingine aliyeshika kata ya maji. Kwa mtoto, huyo aweza kuwa mama au bibi, kama vile mwenye tetekuwanga aogeshwavyo maji ya mwarobaini ili muwasho upungue. Lakini mtu mzima aliye na nguvu zake akiogeshwa, msikilizaji hufahamu mara moja kwamba pana mganga. Dawa hiyo kwanza hunuiziwa, yaani husemewa nia. Pengine mgonjwa huogeshewa njia panda, nuksi ibaki huko. Tendo lote huitwa kuzingua, neno lenye kiambishi kile kile cha kutengua kilichomo katika “fungua” na “kunjua”. Maiti, kwa upande wake, haogeshwi, bali huoshwa. Lugha haikukubali kuwachanganya mgonjwa na mfu.

Mvuke nao hufuata kanuni hiyo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, maneno “kujifukiza” na “kupiga nyungu” yalienea Tanzania nzima: mtu alijifunika shuka juu ya chungu cha majani yaliyochemshwa. Kiambishi “ji” chatuambia kwamba alijitibu mwenyewe. Mwenye pepo hajifukizi. Hufukizwa, na anayemfukiza ndiye mwenye kauli.

Visiwani twapata mfano wa ajabu zaidi. Sherehe ya Makunduchi, Unguja, ifanywayo mwezi wa Julai, huitwa Mwaka Kogwa. Koga ni umbo la kitenzi hicho hicho cha kuoga. Kwa sarufi, kinachokogwa si mwili, ni mwaka wenyewe pamoja na mabaya yake.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi degedege, yaani homa ya mtoto yenye kifafa cha ghafula, ilivyotibiwa kwa dawa za kienyeji. Homa ya namna hiyo mara nyingi ni malaria kali, na saa chache zaweza kuamua uhai wa mtoto. Sasa mwuguzi akiuliza, “Mmempa dawa gani?”, mzazi aweza kujibu kwa unyofu kabisa, “Hatujampa.” Kwani dawa ipewayo mtu ni ya kunywa, ya kuogea haipewi, na ya kufukiza haipewi. Hakusema uongo, aliulizwa kitenzi kisichokuwa chake. Lau angaliulizwa, “Ameogeshwa na nani, tangu lini?”, siku mbili zilizopotea zingalijulikana.

Tangu mwaka 1974 Muhimbili pamekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Wataalamu hao huchunguza majani. Sisi wa lugha twapaswa kuchunguza vitenzi. Kamusi iandikayo kwamba kuogesha ni “kumfanya mtu aoge” haikukosea, ila imeacha nje jambo ambalo kila bibi wa Temeke alijua: nani alishika kata, na nani alinena juu ya maji.