Nani Arekebishwe? Istilahi za Utengamao wa Kikazi kwa Watu Wenye Ulemavu katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi ambazo Kiswahili hutumia kutaja huduma za kumwandaa mtu mwenye ulemavu kwa kazi, kumpatia kazi na kumwezesha kudumu katika kazi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba neno marekebisho limebebeshwa dhana mbili zinazokinzana: ile inayomtaka mtu abadilike ili aifae kazi, na ile inayomtaka mwajiri abadilishe mahali pa kazi ili pamfae mtu. Kisheria, dhana hizo zina wadaiwa wawili tofauti. Inapendekezwa kwamba dhana ya kwanza iitwe utengamao wa kikazi, na neno marekebisho liachiwe ile ya pili pekee.

Utangulizi

Nchini Tanzania, taasisi za serikali zinazotoa mafunzo ya kazi kwa watu wenye ulemavu, kama ile ya Yombo jijini Dar es Salaam, Sabasaba mkoani Singida na Luanzari mkoani Tabora, hujulikana kwa jina la vyuo vya ufundi stadi na marekebisho. Katika nchi hiyohiyo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaorodhesha miongoni mwa mafao yake huduma za utengamao kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Lengo la huduma hizo mbili ni moja: mtu afanye kazi tena, au aifanye kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, kijana aliyezaliwa na ulemavu anapelekwa kwenye marekebisho, ilhali fundi mitambo aliyekatika mkono kiwandani anapewa utengamao.

Huenda tofauti hiyo ilitokana tu na nyakati tofauti ambamo taasisi hizo zilipewa majina. Hata kama ni hivyo, athari yake haiishii kwenye vibao vya milangoni. Tangu mwaka 2021, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (hapa neno letu linajitokeza kwa maana ya tatu) ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, kila istilahi inayoingia katika tafsiri ya sheria inabeba wajibu ambao mtu anaweza kudaiwa mbele ya hakimu. Nchini Uganda, Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya mwaka 2005. Nchini Rwanda kiliingizwa miongoni mwa lugha rasmi mwaka 2017. Nchi hizi mbili zina fursa ambayo Tanzania haikuipata: kuchagua maneno kabla hayajaandikwa kwenye vibao.

Dhana mbili katika mikataba

Pendekezo Na. 99 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1955, lilieleza huduma hii kuwa mchakato endelevu na ulioratibiwa, unaojumuisha ushauri wa kazi, mafunzo ya kazi na uwekaji wa mtu katika kazi inayomfaa. Mkataba Na. 159 wa mwaka 1983 uliongeza kusudi: mtu apate kazi inayomfaa, aidumishe na apande ngazi ndani yake, na kwa njia hiyo ajumuike katika jamii. Katika nyaraka zote mbili anayepitia mchakato ni mtu mwenyewe. Yeye ndiye anayeshauriwa, anayefundishwa na anayewekwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, haukuitupa dhana hiyo. Ibara ya 27 bado inataja utengamao wa kikazi pamoja na programu za kumrejesha mtu kazini. Lakini ibara hiyohiyo inaweka kando yake wajibu mwingine, ambao maana yake imefafanuliwa katika ibara ya 2: kufanya mabadiliko ya lazima na yanayofaa, pale yanapohitajika katika hali mahususi, bila kumtwika anayehusika mzigo usiolingana. Ngazi iongezewe njia ya mteremko. Taarifa za mkutano zitolewe kwa nukta nundu. Saa za kuingia zisogezwe kwa mfanyakazi ambaye dawa zake za asubuhi humlegeza. Katika wajibu huu mtu habadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kazi na mahali inapofanyiwa. Aidha, Mkataba unahesabu kukataa kufanya mabadiliko hayo kuwa ubaguzi.

Tatizo la mtafsiri linaanzia hapo. Neno linalokuja haraka mdomoni kwa wajibu huu wa pili ni marekebisho, na ni neno zuri, kwani mashine hurekebishwa, ratiba hurekebishwa, meza hurekebishwa urefu. Ila kiti hicho kimekwisha kukaliwa. Mtafsiri anayeliepuka na kukimbilia kamusi ya lugha mbili bila kuzingatia muktadha anaweza kuangukia malazi, na hapo mwajiri ataonekana anatakiwa kumpangishia mfanyakazi chumba.

Kiambishi cha mtendwa

Sarufi ya Kiswahili ina chombo kinachoumulika mgogoro huu vizuri kuliko ufafanuzi mrefu. Kitenzi rekebisha kinahitaji mtendwa, na kiambishi cha mtendwa hutaja waziwazi kinachobadilishwa. Kumrekebisha ni kubadilisha mtu. Kuirekebisha ni kubadilisha mashine au ratiba. Kuyarekebisha ni kubadilisha mazingira. Kumrekebisha mtu, katika matumizi ya kila siku, kuna harufu ya makosa: mtoto mtundu hurekebishwa, na mfungwa hurekebishwa tabia. Kijana asiyeona ambaye hajakosa lolote anapoingia chuo cha marekebisho anaingia katika ujirani huo wa maana, atake asitake.

Kitenzi kinapogeuzwa kuwa nomino, viambishi vyote viwili hutoweka, cha mtenda na cha mtendwa. Marekebisho hayasemi nani anarekebisha wala nini kinarekebishwa. Kihusishi kwa nacho hakisaidii. Kifungu kinachosema kwamba mwajiri atatoa marekebisho kwa mfanyakazi mwenye ulemavu kinasomeka kwa namna mbili: mwajiri abadilishe mazingira kwa ajili ya mfanyakazi huyo, au mwajiri ampatie mfanyakazi huduma ya kumrekebisha. Wakili wa mwajiri hatakosa kuiona njia ya pili. Atadai kwamba mteja wake alimpeleka mlalamikaji kwenye mafunzo ya wiki mbili, na kwa hiyo alitimiza sheria, hata kama ofisi ilibaki ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti.

Neno utengamao halina kasoro hiyo. Kitenzi kutengamaa, au kutengemaa kama wengine wanavyokiandika, hakichukui mtendwa: mambo hutengamaa, hali ya mgonjwa hutengamaa, nyumba hutengamaa baada ya msukosuko. Anayetengamaa ndiye kiini cha sentensi, si kitu kinachofanyiwa kazi na fundi. Jambo la pili ni kwamba kutengamaa hakudai kuwe na hali ya zamani ya kurudiwa. Mkataba wa 2006, katika ibara ya 26, unatofautisha kumwezesha mtu ambaye hajawahi kuwa na uwezo fulani na kumrejeshea mtu uwezo alioupoteza. Maneno kama urejeshaji na ukarabati yanaihudumia nusu ya pili tu. Utengamao unazibeba zote mbili bila kulemewa.

Anayeitwa asiyejiweza

Mjadala wa majina ya watu wenyewe umeandikiwa mengi, na hapa utaguswa pale tu unapohusu ajira. Hoja inayorudiwa mara kwa mara ni kwamba kiambishi ki- katika kipofu, kiziwi na kiwete humshusha mtu kuwa kitu. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kijana, kiongozi na kinyozi wamo katika ngeli hiyohiyo kimofolojia, na wote, pamoja na kipofu, huchukua upatanisho wa viumbe hai. Chama cha Viziwi Tanzania kimelibakiza neno viziwi katika jina lake, kwa kuwa wanachama wake wanajiona kuwa jamii yenye lugha yake. Tofauti na hilo, mwelekeo kutoka jina la Chama cha Walemavu Tanzania hadi lile la Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania unaonyesha kundi jingine likichagua kutanguliza utu. Nchini Rwanda mwelekeo umekuwa huohuo: neno ikimuga limeachwa na kuitwa dharau, na nafasi yake kuchukuliwa na umuntu ufite ubumuga.

Neno linaloidhuru ajira zaidi halina ki- hata kidogo. Ni asiyejiweza. Linasikika kwa upole, na wanaolitumia mara nyingi wanakusudia huruma. Lakini mofimu zake zinatangaza hukumu: kikanushi si, kirejeshi ye, kiambishi cha kujitendea ji, na kitenzi weza. Luganda ina jozi yake, kateyamba, yaani asiyeweza kujisaidia, iliyoundwa kwa mantiki ileile ya ukanushi na kujitendea. Tangazo linalowaalika waajiri kuwapa nafasi wasiojiweza linajipinga lenyewe kabla ya nukta ya kwanza. Mwajiri anayeajiri kwa maneno hayo anatoa sadaka, na sadaka haina mkataba wa kazi wala likizo ya mwaka. Mshauri wa sera anayesahihisha rasimu angeanza na neno hili kabla hajabishana na mtu kuhusu kipofu.

Asilimia na soko

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ya Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu miongoni mwao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ilizungumzia kutengwa kwa asilimia 5 ya nafasi. Asilimia ni rahisi kuitafsiri, na pengine ndiyo sababu hupendwa. Lakini asilimia isiyoandamana na marekebisho ya mahali pa kazi humpa mwajiri jibu lililo tayari: nafasi ilitangazwa, hakupatikana mwenye sifa. Sifa hizo zilipimwa kwa usaili uliofanyika bila mkalimani, au kwa mtihani wa maandishi ambao haukuwa na nukta nundu.

Kwa upande mwingine, wahitimu wengi wa vyuo vya ufundi hawaelekei kwa mwajiri wa watu 20. Ushonaji, useremala na uchomeleaji huishia kwenye kibanda, sokoni au kwenye baraza ya nyumba. Tanzania imeliona hili kwa kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo unamhusu mtu. Njia ya kufikia kibanda, choo cha soko na kizingiti cha stendi havimo ndani yake. Fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu hana mwajiri wa kumdai marekebisho. Mdaiwa wake ni halmashauri iliyojenga soko. Iwapo istilahi itafasiriwa kuwa marekebisho ya ofisi pekee, wafanyakazi walio wengi katika kanda hii watakuwa wameachwa nje ya neno kabla hawajaachwa nje ya sheria. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendelea marekebisho ya mahali pa kazi, kwa kuwa pahali hapabagui ofisi na genge.

Vikwazo vya pendekezo

Utengamao una udhaifu wake. Nje ya Tanzania haujazoeleka, na katika Kiswahili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki unakaa karibu mno na mtangamano, pia na utangamano unaotumika nchini Kenya kwa maana ya mshikamano wa kitaifa. Msomaji wa haraka atazichanganya, na mpiga chapa vilevile. Tiba yake ni kutolitumia neno peke yake katika maandishi ya sheria, bali daima utengamao wa kikazi, utengamao wa kitabibu au utengamao wa kijamii. Tofauti nyingine za kanda zinavumilika zaidi: lugha ya alama ya Tanzania na lugha ya ishara ya Kenya hazimpotezei mtu haki, mradi kila hati ishike moja; vivyo hivyo nukta nundu na breli. Hakuna haja ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kutumia muda wake mdogo kuyasawazisha haya, wakati marekebisho bado yana maana mbili katika hati moja.

Kikwazo kikubwa zaidi ni majina ya taasisi. Kubadilisha jina la chuo kunagusa sheria, mihuri na vyeti ambavyo wahitimu wanavyo mikononi, na si haki kumwachia mhitimu cheti chenye jina la chuo kisichokuwapo tena. Majina ya zamani yanaweza kuendelea pale yalipo. Kinachoweza kubadilishwa mara moja ni rasimu mpya, na ndani yake nomino inaweza kupisha kitenzi kilichokamilika. Badala ya mwajiri atatoa marekebisho yanayofaa, iandikwe: mwajiri atarekebisha jengo, vifaa, ratiba na namna ya kutenda kazi, kwa kadiri isiyomtwika mzigo usiolingana, ili mfanyakazi mwenye ulemavu aweze kuitekeleza kazi yake. Sentensi ni ndefu kwa mstari mmoja na nusu, lakini mtenda ametajwa, vitendwa vimetajwa, na mfanyakazi amebaki kama alivyo.