Utungaji wa Kubuni: Sauti ya Mtoto na Mabadiliko ya Jamii

Katika shule nyingi za msingi, utungaji huchukuliwa kuwa zoezi la kupima tahajia, alama za vituo na mpangilio wa sentensi. Mwalimu huandika ubaoni kichwa cha habari, tuseme "Sikukuu". Wanafunzi wote huamka alfajiri, huoga, huvaa nguo mpya na kula pilau. Madaftari hamsini huwa na habari moja, likiwamo la mtoto ambaye siku hiyo kwao hakukupikwa kitu. Mtoto huyu amekwisha kujifunza kwamba insha nzuri ni ile isiyomhusu.

Tahajia na vituo ni lazima vifundishwe. Lakini utungaji wa kubuni una makusudi mengine mawili. Kwanza, humpa mtoto nafasi ya kueleza anayoyaona na anayoyawaza. Pili, humzoeza kutambua kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Anayeweza kubuni kijiji chenye desturi tofauti ameanza kuihoji desturi ya kijiji chake.

Fasihi yetu inatupa mfano. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza, alitoa kitabu cha Kusadikika mwaka 1951. Nchi anayoisimulia inaelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine kutafuta mema, wakarejea na kutupwa gerezani. Wengi wameisoma hadithi hiyo kama lawama kwa utawala usiosikiliza raia. Kubuni, basi, si kuukimbia ukweli. Ni kuupatia njia ya kupita. Mtoto naye aweza kuyasema katika hadithi ya Sungura yale asiyothubutu kuyasema kwa jina lake.

Tunapendekeza hatua zifuatazo:

1. Mada iwe na jambo la kufikiriwa. Kwa mfano: "Kijiji ambacho siku moja wasichana wote waliamka wagonjwa." Nani atachota maji? Nani atafagia? Wanafunzi wazungumze kwa dakika 10 kabla ya kushika kalamu.

2. Waandike bila kukatizwa. Mwalimu asipite akisahihisha huku wazo lingali linazaliwa.

3. Soma kwanza maana. Andika chini ya kazi sentensi moja ya kujibu alichosema mtoto. Kisha chagua makosa mawili au matatu yaliyo ya wengi, uyafundishe ubaoni kipindi kinachofuata.

4. Wanaopenda wawasomee wenzao, halafu darasa lijadili lifanye nini. Kama hadithi zimeonyesha kwamba maji ni mzigo wa wasichana peke yao, darasa laweza kupanga upya zamu za kuchota maji ya shule, wavulana wakiwamo. Badiliko hilo ni dogo, lakini ni la kweli, nalo limetoka katika madaftari.

Hapa pana hadhari. Mtoto akiruhusiwa kusema kweli, huenda akaandika habari za njaa, kipigo au jambo zito zaidi. Maandishi ya namna hiyo hayasomwi mbele ya darasa, wala hayafanywi mazungumzo ya ofisi ya walimu. Zungumza na mtoto faraghani. Na ikiwa yumo hatarini, mweleze mwalimu mkuu bila kuchelewa ili msaada utafutwe. Mtoto aliyefedheheshwa kwa aliyoyaandika atarudi kwenye pilau na nguo mpya, wala hatatwambia tena lolote.

Mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, tengeni japo kipindi kimoja kwa juma kwa kazi hii. Sarufi haitapotea, kwani mtoto mwenye neno la kusema hujitahidi lisomeke. Mwalimu naye atawafahamu wanafunzi wake, jambo ambalo insha hamsini za namna moja haziwezi kumpa.