Minyoo wa Tumboni: Kutoka Kwenye Udongo, Mbwa na Paka Hadi kwa Mtoto Wako

Umemwinua mtoto kutoka kwenye poti, na ndani ya kinyesi unaona mnyoo mrefu, mweupe, anayefanana na nyungunyungu. Wazazi wengi hushtuka, na wengine huona aibu. Usione aibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana minyoo wanaoenezwa kwa udongo. Jambo la muhimu ni kujua mnyoo huyo ametoka wapi, ili mtoto atibiwe na asiambukizwe tena.

Mnyoo huyu ni nani?

Huyo ni mnyoo mviringo, ambaye wazee wetu walimwita chango. Anaishi ndani ya utumbo mwembamba na anaweza kufikia urefu wa sentimita 30 au zaidi. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kila siku. Mayai hayo hayaonekani kwa macho, nayo hutoka na kinyesi.

Mayai yaliyotoka leo hayawezi kumwambukiza mtu leo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa wiki mbili au tatu, au zaidi, ndipo yakomae. Kwa hiyo mtoto mwenye chango hamwambukizi mwenzake kwa kula au kulala naye pamoja, wala hakuna sababu ya kumtenga. Lakini mayai yakishakomaa, yanaweza kubaki hai ardhini kwa miaka.

Mtoto huyameza kupitia vidole vichafu, mboga mbichi au matunda ambayo hayakuoshwa vizuri, au anapokula udongo. Mayai huanguliwa tumboni. Minyoo wachanga hutoboa utumbo, husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, kisha hupanda hadi kooni na kumezwa tena. Ndiyo maana mtoto anaweza kukohoa kabla hata tumbo halijaanza kuuma. Tangu kumeza yai hadi mnyoo kukomaa na kuanza kutaga ni miezi miwili hadi mitatu.

Je, mbwa na paka wanaweza kumwambukiza mtoto?

Ndiyo, ila kwa minyoo wa aina nyingine. Watoto wa mbwa ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu wengi huzaliwa tayari wakiwa na minyoo waliopata kwa mama yao tumboni, na wengine huipata kwa kunyonya. Watoto wa paka pia huipata kupitia maziwa.

Mtoto wako akimeza mayai yaliyokomaa kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi cha wanyama hawa, minyoo wachanga huanguliwa, lakini hawawezi kukua ndani ya mwili wa binadamu. Badala yake hutangatanga kwenye ini, mapafu, na mara chache kwenye jicho. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupata homa, kikohozi, kukoroma kifuani au maumivu ya tumbo. Kipimo cha choo hakiwezi kuonyesha ugonjwa huu, kwa kuwa minyoo hao hawatagi mayai ndani ya mtu. Mweleze mhudumu wa afya kama nyumbani kuna mbwa au paka, au kama mtoto hula udongo.

Huna haja ya kufukuza mbwa. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu dawa. Watoto wa mbwa huanza kupewa wakiwa na umri wa wiki mbili tu, kisha hurudiwa. Usimpe mtoto dawa ya mnyama, wala mnyama dawa ya mtoto.

Matibabu ya mtoto

Dawa zinazotumika sana ni albendazole na mebendazole. Ni salama na hufanya kazi vizuri. Katika maeneo yenye minyoo wengi, watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja hupewa dawa mara moja au mbili kwa mwaka, kliniki au shuleni, hata kama hawana dalili.

- Mtoto aliye chini ya miaka mitatu apewe kidonge kilichosagwa na kuchanganywa na maji safi.
- Usimlazimishe mtoto anayelia wala kumbana pua. Dawa inaweza kumpalia. Mtulize kwanza.
- Mama mjamzito asimeze dawa ya minyoo katika miezi mitatu ya kwanza. Aulize kliniki.
- Minyoo wakitoka siku chache baada ya dawa, usiogope. Dawa imefanya kazi.

Dawa huua minyoo walio tumboni leo. Haimkingi mtoto na mayai atakayomeza kesho.

Zuia mayai yasikomae

Kwa kuwa yai linahitaji wiki kadhaa ardhini, kinyesi kikiondolewa mapema hatari inakatwa.

- Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kina hatari. Kitupe chooni, si nyuma ya nyumba.
- Zoa kinyesi cha mbwa na paka uani kila siku, ukizike au ukitupe chooni. Funika mchanga ambao watoto huchezea.
- Usitumie kinyesi kibichi cha binadamu au cha nguruwe kama mbolea ya bustani ya mboga.
- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kula na kulisha mtoto, na baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto. Kibuyu chirizi kinatosha.
- Osha na kumenya matunda na mboga za kachumbari. Usitegemee dawa ya klorini, kwani haiyaui mayai haya kwa uhakika. Joto la kupika huyaua.
- Kata kucha za mtoto.

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ikiwa:

- tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika, na hapati choo wala hatoi hewa. Minyoo wengi wanaweza kuziba utumbo, na hiyo ni dharura;
- anatapika minyoo, au anapata shida ya kupumua;
- jicho moja halioni vizuri, limeanza kengeza, au mboni inaonekana nyeupe. Dalili hizi zinaweza kuwa za minyoo au za ugonjwa mwingine mkubwa, hivyo usisubiri;
- amepauka, amedhoofika au haongezeki uzito.

Mtoto mwenye minyoo hula, lakini chakula hakimfaidii ipasavyo. Mpe dawa kwa wakati, safisha ua wake, na chakula unachomhangaikia kila siku kitamjenga yeye.