Utangulizi: Bonde la Zamu za Maji

Vitabu vingi kuhusu milima ya Alpi huanzia vileleni, kwenye theluji na wapanda milima. Mimi nakuomba tuanzie chini kidogo, kwenye mfereji uliopitishwa ubavuni mwa jabali. Hapo ndipo utakapoona mapema kwa nini somo letu halitenganishi urithi wa maumbile na urithi wa watu.

Bonde tutakalolisoma ni Valais, kusini-magharibi mwa Uswisi. Mto Rhône huchimbuka kwenye barafu karibu na njia ya mlimani ya Furka, huteremka kuelekea magharibi, hukata kona kali mjini Martigny, kisha huingia Ziwa Geneva. Upande wa juu watu husema Kijerumani na upande wa chini Kifaransa. Lugha hizo hupakana karibu na mji wa Sierre. Mgeni hudhani nchi iliyozungukwa na barafu haiwezi kukosa maji. Kumbe safu za milima za kaskazini na za kusini huyakinga mawingu, hata Sion, makao makuu ya jimbo, hupata takriban milimita 600 tu za mvua kwa mwaka. Wakati wa joto nyasi za miteremko hukauka, ilhali barafu inayeyuka kilomita chache tu juu yake. Kwa karne nyingi kazi kubwa ya wakazi imekuwa kuyafikisha maji hayo kwenye nyasi hizo.

Wasemaji wa Kifaransa huuita mfereji wa namna hiyo bisse, na wa Kijerumani huuita Suone. Baadhi ilichimbwa ardhini. Mingine ilining'inizwa kwenye magenge wima, mbao zake zikibebwa na magogo yaliyopigiliwa kwenye matundu ya mwamba. Mlinzi wa mfereji alikuwa na kifaa ambacho hadi leo kinanistaajabisha: gurudumu dogo lililozungushwa na maji yenyewe na kuinua nyundo ya mbao. Nyundo ilipogonga, mambo yalikuwa salama. Ikinyamaza, hata usiku wa manane, alijua mfereji umeziba au umepasuka, na alipaswa kwenda. Zamu za maji nazo zilichongwa alama kwenye vijiti vya mbao, ili haki ya kila kaya ijulikane. Mwaka 2023 UNESCO iliuorodhesha umwagiliaji huu wa jadi kuwa urithi usioshikika, kwa ombi la Uswisi na nchi nyingine sita za Ulaya. Msomaji aliyekulia Uchagani, kando ya mfereji wa mfongo, hatahitaji kuelezwa kwa nini zamu ya maji ni jambo zito.

Malisho nayo yalikuwa na sheria zake. Kijiji cha Törbel kina hati ya mwaka 1483 inayohusu matumizi ya malisho ya pamoja ya mlimani, na kanuni ya mwaka 1517 inayomkataza mwanakijiji kupeleka huko ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Mwanaanthropolojia Robert Netting alikichunguza kijiji hicho. Elinor Ostrom akakifanya kuwa mmoja wa mifano yake mikuu katika kitabu cha 1990 kuhusu mali ya pamoja, na mwaka 2009 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa maoni yangu, hati hiyo ni urithi wenye thamani sawa na kilele chochote cha Valais.

Sayansi ya barafu yenyewe inadaiwa na bonde hili. Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa Lourtier, aliyaona mawe makubwa yaliyotapakaa mbali na milima yalikotoka, na michirizi kwenye miamba, akasema kwamba zamani barafu ilishuka hadi mabondeni. Mwaka 1815 alimweleza mwanajiolojia Jean de Charpentier, naye hakusadiki. Mwaka 1818 barafu ya Giétro iliziba mto wa Bagnes na ziwa likafanyika nyuma yake. Mhandisi Ignaz Venetz alitoboa njia katika barafu ili maji yapungue, na sehemu kubwa ilitoka. Lakini tarehe 16 Juni ukuta ulipasuka, mafuriko yakafika Martigny na kuua watu. Venetz aliendelea kuchunguza, akakubaliana na Perraudin, akamshawishi Charpentier, na Charpentier akamshawishi mwanasayansi Louis Agassiz, aliyechapisha kitabu chake maarufu kuhusu barafu mwaka 1840. Jina la Agassiz ndilo lililovuma. Katika kozi hii tutaanza na la mwindaji.

Uhusiano wa watu na barafu umegeuka tangu hapo. Mwaka 1678 wakazi wa Fiesch na Fieschertal, kwa kuhofia barafu iliyokuwa ikikua, waliweka nadhiri ya kuomba irudi nyuma. Mwaka 2010 Vatikani iliwaruhusu kubadili dua hiyo, sasa waombe isiyeyuke. Barafu ya Aletsch, iliyo jirani, ndiyo ndefu kuliko zote za Alpi, yapata kilomita 20, na eneo lake limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, nayo inapungua.

Tarehe 28 Mei 2025 mwamba na barafu viliporomoka katika bonde la Lötschental, humohumo Valais, na kukifukia kwa sehemu kubwa kijiji cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Mtu mmoja alifariki. Uongozi wa kijiji ulitangaza nia ya kujenga upya. Kwa hiyo wanafunzi wa somo hili wana kazi inayowasubiri sasa: nyumba na barabara zina wahandisi wake, lakini haki za malisho, zamu za maji na majina ya mashamba yaliyofukiwa lazima yaandikwe wakati wanaoyakumbuka wangali hai.