Tamasha Likihama, Mbeba Mzigo Aulizwe

Wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wengi wataliona dogo na vijana wengi wataliona kubwa. Tamasha la muziki linapohamishwa kutoka mahali lilipozoeleka, likasogezwa mwezi au likawekewa masharti mapya, mashabiki hupiga kelele. Je, kelele hizo zina maana yoyote, au ni utoto wa watu wasio na kazi?

Nianzie Tabora. Msafiri akiteremka treni pale stesheni, na vijana wa bodaboda wakimkimbilia, haitapita muda mrefu kabla hajasikia singeli ikitoka kwenye simu ya mmoja wao. Muziki huu haukuzaliwa Unyamwezi. Umezaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, na mzazi wake ni mchiriku, ngoma ya vinanda vidogo na vipaza sauti ambayo watu wa Uswahilini waliicheza usiku kucha. Fundi wa singeli hapigi gitaa wala tarumbeta. Huketi mbele ya kompyuta, akachukua kipande cha wimbo, mara nyingi wa taarabu, akakikata na kukikimbiza mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika moja. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Basi si ajabu mzee akisikia singeli akashika kifua.

Muziki huo umesafiri. Mwaka 2017 nyimbo zilizotengenezwa katika studio ya Sisso, huko Mburahati, zilikusanywa na kutolewa na kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. Kampuni hiyo ni ndugu wa tamasha lenye jina hilohilo, lililoanzishwa mwaka 2015 huko Jinja, Uganda, kando ya Mto Nile. Najua kwamba kwa Kiswahili chetu jina hilo humfanya mtu akohoe mbele ya wakwe. Waandaaji wenyewe hueleza kwamba wamelichota katika Kiganda, ambako humaanisha hamu ya ghafla ya kucheza ambayo mtu hawezi kuizuia. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wote, na tutaona.

Kutoka Tabora hadi Jinja ni mbali, lakini njia hiyo si ngeni. Mwingereza John Hanning Speke, alipokuwa akitafuta chanzo cha Nile, aliondoka Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora, mwaka 1861. Akapita Karagwe kwa Mfalme Rumanika, akapita Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama pale Jinja, mto unapotoka ziwani. Hakujipeleka peke yake. Alipelekwa na wapagazi na viongozi wa njia. Na wapagazi hao hawakuwa kondoo. Kabla hata hajafika Kaze, wengi walikuwa wamekwisha kumtoroka njiani. Tushike neno hilo, tutalirudia.

Sasa tuangalie mabadiliko yenyewe. Tamasha la Jinja lilianza kama mkusanyiko wa watu wachache waliopenda muziki wa mitambo. Mwaka baada ya mwaka likakua, watu wakaja kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Kigali, na hata Ulaya. Mwaka 2018 waziri aliyehusika na maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia kwa hoja za maadili. Baada ya mazungumzo likaruhusiwa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na mikusanyiko ikafungwa. Liliporudi mwezi Septemba 2022 halikurudi pale pa zamani. Lilifanyika Itanda, kwenye maporomoko yaliyo kaskazini ya mji. Na hapo tena, siku chache kabla ya kuanza, Bunge la Uganda likataka lisimamishwe, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mwaka 2023 likarudi mjini Jinja, safari hii mwezi wa Novemba. Mwaka 2024 likapelekwa Kalagala, kwenye maporomoko mengine ya mto uleule. Mahali patatu katika matamasha matatu mfululizo.

Waandaaji wana sababu zao, na lazima tuwe waadilifu kuzitaja. Tamasha likikua, uwanja wa zamani hautoshi. Mitambo ya umeme, majukwaa, vyoo, maji na ulinzi wa watu elfu moja si sawa na wa watu elfu kumi. Tena muziki huu huchezwa mchana na usiku, na majirani wanaotaka kulala wana haki yao. Vibali navyo hutolewa na wakubwa, na mwandaaji hana amri juu ya wakubwa. Kwa hiyo si kila mabadiliko ni tamaa ya fedha.

Lakini shabiki naye ana hesabu yake. Anayeondoka Dar es Salaam au Mwanza kwenda Jinja anaweka akiba kwa miezi. Anaomba ruhusa kazini. Anajua basi gani litamfikisha, mama gani ana chumba cha bei nafuu, na mti gani una kivuli mchana. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Imo vichwani mwa watu waliokuja mwaka jana na mwaka juzi. Siku tamasha linapohamishwa, elimu yote hiyo hufutwa, na mkongwe huwa sawa na mgeni. Anauliza njia kama mtoto. Hilo peke yake huuma.

La pili ni wale waliolizunguka tamasha. Mwenye nyumba ya wageni aliyepaka rangi vyumba vyake, mama lishe aliyekopa fedha za kununua mchele na mafuta, kijana wa bodaboda aliyetengeneza pikipiki yake, wote hao waliweka mtaji wakitegemea kwamba watu watakuja mahali fulani siku fulani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akipelekwa kijiji kingine, mwenyeji wa kwanza hubaki na mchele wake. Na tangazo la kuzuia tamasha likitoka zikiwa zimebaki siku chache, anayeumia kwanza si mwanamuziki. Mwanamuziki atapiga kwingine. Anayeumia ni yule mwenye deni la mchele.

La tatu ni gumu zaidi kulieleza. Watu wa muziki huu huamini kwamba tamasha walilijenga wao. Walikuja lilipokuwa dogo, wakavumilia matope, wakawahadithia wenzao. Hawana hisa kwenye karatasi, lakini moyoni wanazo. Wanapoona mambo yanabadilishwa bila kuambiwa, husema: "Kumbe sisi tulikuwa wanunuzi wa tiketi tu." Hapo ndipo hasira inapoanzia. Ni hasira ya mtu aliyejiona mwana wa nyumba akagundua kwamba alihesabiwa mpangaji.

Sasa nirudi kwa wapagazi wetu. Karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipoipita mwaka 1857 walichukua siku 134 kufika Kaze. Mizigo ilibebwa na watu, na mashuhuri kati yao walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alibeba kiasi cha kilo 30, na zaidi wakati mwingine. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye mapatano juu ya posho, mwendo wa siku na njia itakayopitwa. Mbele yao alitangulia kirangozi, mwenye bendera, na ngoma ikapigwa na nyimbo zikaimbwa ili miguu isichoke.

Mkuu wa msafara alipobadili njia bila kusemezana nao, au alipopunguza posho, wapagazi walifanya jambo moja rahisi. Walitua mizigo. Wakati mwingine walikaa chini mpaka maneno yakazungumzwa. Wakati mwingine walitoweka usiku. Wazungu wengi waliandika katika vitabu vyao kwamba watu hao walikuwa wavivu na wakaidi. Leo wanahistoria wanatuonyesha kwamba yale yalikuwa mapatano ya kazi, na kwamba kutua mzigo ndiyo iliyokuwa sauti ya mtu asiye na sauti nyingine. Mpagazi hakuichukia safari. Alitaka ahesabiwe katika safari.

Tena njia hiyo nayo ilibadilika mara nyingi. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipofunga barabara ya Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Watu walielewa, kwa sababu kila mtu aliijua sababu. Halafu reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na msafara wa miguu ukaondolewa kazi. Kwa hiyo watu wa Tabora wanajua vizuri kwamba mabadiliko hayazuiliki. Wanajua pia tofauti kati ya mabadiliko uliyoelezwa na mabadiliko uliyoamshwa nayo usingizini.

Mji huu umeonja hayo hata katika muziki. Enzi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi ilikuwa mali ya mji moyoni, hata kama vyombo vilikuwa na mwenyewe. Baadaye Shem Karenga, aliyevuma na Tabora Jazz, akawa Dar es Salaam na MK Beats. Hakuna mwenye haki ya kumfunga mwanamuziki kamba mguuni. Lakini mji uliobaki nao una haki ya kusikitika, na masikitiko hayo si uadui.

Basi tujifunze nini? Kwa mwandaaji wa tamasha, liwe la Jinja au la hapa kwetu: ukilazimika kuhama, sema mapema, na useme sababu ya kweli. Eleza kitakachobadilika na kitakachobaki. Aliyenunua tiketi na sasa hawezi kufika, mrudishie fedha yake bila kumzungusha. Na kabla hujaondoka pa zamani, kaa na wenyeji waliokupokea ulipokuwa mdogo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa wenye mamlaka ya vibali: kama kuna la kukataza, likatazwe miezi kabla, kwa sheria inayojulikana, si siku chache kabla wakati sufuria zimekwisha tengwa jikoni.

Na kwa shabiki: lalamika, lakini lalamika kwa hoja. Taja barabara, taja maji, taja bei, taja usalama wa dada zetu usiku. Matusi hayajengi jukwaa. Na ukumbuke kwamba huenda pa zamani palikuwa pazuri kwako kwa sababu ulikuwa na miaka 20, na miguu yako haikuuma.

Mwandaaji akisikia kelele za mashabiki, afurahi kidogo kabla ya kukasirika. Wanaolalamika bado wamebeba mzigo mabegani. Siku ya kuogopa ni ile atakayotangaza mahali papya, mwezi mpya na bei mpya, na asisikie neno hata moja. Siku hiyo ajue kwamba mizigo imekwisha tuliwa, na wapagazi wameondoka usiku.